Bladifuli: hiyo "bloody" ya Waingereza ni damu ya nani, na ilifikaje kwenye tusi?

Mjukuu wa Utingo #1

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita tumefanya arobaini ya babu yangu mzaa baba, na kuna swali limenikaa kooni tangu siku hiyo. Babu alikuwa utingo wa lori kwenye shamba la mkonge mkoani Tanga miaka ya hamsini. Shule hakukanyaga. Kiingereza chake chote kilikuwa maneno kama manane hivi, na moja alilitumia kila siku ya Mungu: bladifuli. Mbuzi akiingia kwenye mahindi, bladifuli. Redio ikikwaruza, anaipiga kofi la ubavuni, bladifuli. Sisi wajukuu alituita hivyo huku anacheka, tukajua ni jina la kudekezwa. Nilikuja kujua ni tusi, "bloody fool" ya Waingereza, nilipofika darasa la sita nikamwita hivyo mwenzangu mbele ya mwalimu wa Kiingereza. Viboko vinne.

Sasa kwenye arobaini binti yangu wa miaka 9 akaniuliza, "Baba, bladi si ndiyo damu? Kwa nini babu alikuwa anamwita mbuzi mjinga wa damu?" Watu wakacheka, mimi nikakosa la kumwambia.

Niliwahi kusikia kwamba "bloody" ni ufupisho wa "by our Lady", yaani mtu anaapa kwa Bikira Maria. Ni kweli? Na kikubwa zaidi kwangu: mzungu alipomwambia babu yangu neno lile, alikuwa amemtukana kiasi gani?

Kijiwe cha Kahawa #2

Pole kwa msiba mkuu. Huyo mbuzi alikuwa na kesi nyingi. Naweka kiti hapa nisubiri wajuzi.

Ticha Mstaafu #3

Pole sana ndugu yangu.

Hiyo ya "by our Lady" ndiyo maarufu kuliko zote. Mimi mwenyewe niliifundisha miaka mingi kabla sijaanza kuitilia shaka. Na haikuzuka hewani. Waingereza wa zamani walikuwa watu wa viapo, na viapo vyao vizito vilihusu mwili wa Yesu. "God's wounds", naapa kwa majeraha ya Mungu, wakakibana mpaka kikawa "zounds". "God's blood", kwa damu ya Mungu, kikawa "'sblood". Mwaka 1606 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwatoza faini ya pauni 10 waigizaji wanaotaja ovyo jina la Mungu jukwaani, kwa hiyo kumung'unya viapo kulikuwa na faida. Hata "blimey" mnayoisikia kwenye filamu ni "God blind me", Mungu na anipofue.

Shida iko hapa. "By our Lady" ilikuwa na ufupisho wake tayari, "by'r Lady", umo hata kwenye tamthilia za Shakespeare, na ulisimama peke yake kama sisi tunavyosema wallahi. Unasema "wallahi amelewa". Husemi "amelewa kiwallahi". Lakini "bloody" tangu tunapoanza kuiona kwenye maandishi inakaa mbele ya sifa na kuikoleza: kulewa sana, kuumwa sana. Hizo ni kazi mbili tofauti, na sijaona aliyeonyesha daraja la kutoka moja kwenda nyingine.

Mla Makande #4

Mimi mwalimu wa historia alituambia inatokana na Malkia Mary wa Uingereza, yule aliyewachoma moto Waprotestanti mpaka wakamwita Bloody Mary. Ndiyo maana likawa neno baya.

Fundi Saa #5

@Mla Makande hapana mkuu. Mary alitawala 1553 hadi 1558, na kweli chini yake walichomwa watu zaidi ya 280. Lakini "bloody" ya jina lake ni damu yenyewe, yaani Mary mwenye damu mikononi. Hakuna anayesema "Mary sana". Tunayoitafuta hapa ni ile isiyo na damu yoyote ndani yake, kama ya mbuzi wa babu.

Dada wa Leicester #6

Habari zenu. Niwape langu.

Nilipofika huku Uingereza nilianza kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala. Mwezi wa kwanza. Siku hiyo tumepata oda nyingi, nimefunga mpaka vidole vimepasuka na lile gundi la katoni, msimamizi akapita, akaangalia rundo langu, akasema kwa sauti watu wote wasikie kwamba nimefanya "bloody good job". Mimi niliyelelewa Morogoro na baba aliyekuwa akisema bladifuli pale tu mtu anapotaka kupigwa, nilisikia "bladi" na masikio yakaziba. Hiyo "good" sikuisikia kabisa. Niliacha mkasi mezani nikamfuata nikamwuliza nimemkosea nini hadi anitukane mbele ya watu. Yule baba alibadilika rangi. Aliomba radhi mara tatu bila kuelewa kosa lake. Mwanamke wa Kijamaika tuliyekuwa naye zamu moja ndiye aliyenivuta pembeni akaniambia, amekusifu mwenzangu, amekusifu sana.

Huku sasa ni neno jepesi. Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji, imeliweka kwenye kundi la maneno makali kidogo tu. Bibi wa miaka 80 kituo cha basi anasema leo kuna "bloody" baridi na hakuna anayegeuka. Lakini mimi mpaka leo likitajwa mwili unashtuka kwanza.

Mtoto wa Ilala #7

Dada wa Leicester umenifungua kichwa. Mbona na sisi tunafanya hivyohivyo kila siku! "Pilau tamu ile mbaya." Ubaya wa pilau uko wapi? "Kapendeza kinoma", wakati noma ni balaa. "Yule kipa ni hatari." Kwa hiyo mzungu akisema bloody good ni "nzuri ile mbaya". Neno baya limekuwa kijiko cha kukorogea.

Ticha Mstaafu #8

@Mtoto wa Ilala hilo ni jibu zuri kuliko mengi niliyosoma, na nasema kwa dhati. Wapo wanaoona hivyohivyo: damu ni kitu kizito, kinatisha, kwa hiyo ukiiweka mbele ya sifa unaikoleza. Majirani zao wana mtindo huo. Mjerumani anasema "blutjung", kijana wa damu, maana yake kijana mbichi kabisa. Mholanzi kuna joto kali anasema "bloedheet", joto la damu. Na Jonathan Swift, kasisi wa Ireland aliyekuwa mwandishi mkubwa, mwaka 1711 aliandika kwenye barua zake kwa rafiki yake wa kike kwamba siku hiyo kutembea kulikuwa "bloody hot". Kasisi anamwandikia mwanamke anayemheshimu! Maana yake enzi zake lilikuwa bado halijawa tusi.

Ila kuna maelezo ya tatu ambayo kamusi kubwa ya Oxford iliyaegemea ilipochapishwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa karne ya 17 London ilikuwa na vijana wa koo bora walioitwa "bloods", watu wa damu, yaani wa ukoo. Kazi yao kulewa, kupigana na kuvunja taa za watu. Mtu akilewa sana wakasema kalewa kama "blood" mmoja, na kutoka hapo ikawa "bloody drunk". Moja ya mifano ya mapema kabisa, wa tamthilia ya mwaka 1676, unahusu ulevi hasa.

Kijiwe cha Kahawa #9

Kwa hiyo babu alikuwa anamwita mbuzi mtoto wa ukoo bora. Naendelea kukaa.

Nyota ya Muscat #10

Assalaam alaykum. Mbona mnahangaika na Uingereza tu? Mimi niko Oman mwaka wa 12 sasa. Kwa Kiarabu "balid" ni mtu mzito wa akili, mpumbavu. Mwalimu wa madrasa alituita hivyo Unguja na huku bado nalisikia. Mtu wa pwani aliyezoea balid akisikia mzungu anasema bladi, vikaungana. Mimi naamini bladi yetu ni ya Kiarabu iliyovalishwa kofia ya kizungu.

Fundi Saa #11

@Nyota ya Muscat hoja tamu, ila "fuli" utaipeleka wapi? Kila ninapolisikia neno hili lina mkia wake wa fuli, fulu au fuu. Kama ni balid tungelisikia peke yake Lamu na Pemba kwa watu wasiowahi kufanya kazi kwa mzungu. Tena bara, Songea na Njombe, ambako hakuna aliyejua balid, wazee wanalo.

Nyota ya Muscat #12

Sijasema lote ni la Kiarabu, nimesema vikaungana. Neno linaweza kuwa na baba wawili.

Mwana wa Athi #13

Niko Machakos. Kwetu Kenya ni bladifuu, hiyo L wala hatuisikii. Marehemu guka (babu) ya mke wangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Burma mwaka 1944. Aliwahi kunihadithia kwamba sajini wa kizungu alikuwa halijui jina la askari hata mmoja kikosini, wote walikuwa bladifuu, na kwa hiyo akiita wote wanageuka. Wao walikaa miezi wakidhani ni cheo. Waliporudi nyumbani wakaja nalo kama walivyokuja na makoti na mabuti. Kwa hiyo mimi naona ni la jeshini.

Mtoto wa Manamba #14

Jeshini ndiyo, lakini mkonge ulilieneza zaidi. Baba yangu aliletwa Tanga na SILABU, ile ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge iliyoanza 1944, kutoka Kigoma. Watu walitoka Kigoma, Songea, Njombe, Mbeya, wanakutana kambi moja, kila mmoja na lugha yake. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na matusi ni sehemu ya Kiswahili walichojifunza.

Na niseme jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Mzungu baba alimwona labda mara mbili kwa wiki, juu ya farasi au ndani ya gari. Aliyemwita bladifuli kila asubuhi alikuwa mnyapara, mtu mweusi mwenzake. Unafunga majani 30 kwa mzigo, mnyapara anakuja anahesabu, akikuta 29 anaurusha mzigo wote pembeni, bladifuli, siku yako haihesabiwi. Mnyapara alilipata kwa bwana shamba akalishusha kwa wakataji. Wakataji wakalipeleka nyumbani kwa watoto. Mimi nilikuwa mwisho wa ngazi hiyo, nikambwekea mbwa wetu.

Mjukuu wa Utingo #15

@Mtoto wa Manamba nimesoma ujumbe wako nikatoka nje kidogo. Babu alikuwa anatuhadithia habari za korona, ile mashine ya kukamua majani, za singa zilizoanikwa kwenye waya mpaka uwanja mzima mweupe. Habari za mnyapara hakutuambia hata siku moja.

Binti Mkunazini #16

Nirudi kwenye herufi. Kwa nini wengine fuli na wengine fulu? Angalieni Unguja: "school" kwetu ni skuli. Sauti ileile ya mwisho iliyomo kwenye "fool". Kwa kanuni hiyo fuli ndiyo sahihi na iliingilia pwani. Fulu ni ya waliofuata irabu iliyotangulia.

Mla Makande #17

Kwetu Singida fulu ni tunda, lile dogo jeusi la porini. Nilipokuwa mdogo nilidhani bladifulu ni fulu lililooza ndani, lenye majimaji mekundu.

Kijiwe cha Kahawa #18

Na konda akisema gari fulu?

Mtoto wa Ilala #19

Hiyo ni kujaa. Bladi fulu, damu imejaa. Tumepata maelezo ya sita.

Mtu wa Katanga #20

Jambo bandugu. Niko Lubumbashi. Kwetu bladi haiko, sababu Wabelgiji walisema Kifaransa. Tusi yao ilikuwa "macaque", nyani. Wazee wetu waliitwa makaku kwenye migodi, kwenye reli, kwenye nyumba za wazungu. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wetu, Lumumba alisimama mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji akasema wazi kwamba tulivumilia matusi na mapigo asubuhi, mchana na usiku kwa sababu tulikuwa weusi.

Lakini angalieni asili ya neno lenyewe. Wafaransa walilipata kwa Wareno, "macaco", na Wareno walilikuta pwani ya Kongo, kwenye lugha za Kibantu. Hiyo "ma-" ni ma- yetu ya wingi. Walichukua neno kwetu, likazunguka Ulaya, likarudi kututukana. Miye nikifikiria hiyo nanyamaza.

Binti Mkunazini #21

Mtu wa Katanga, asante. Nimelisoma mara mbili.

Mpenda Jukwaa #22

Hamjataja Bernard Shaw, yule mwandishi wa tamthilia! Neno hili lilitikisa Uingereza nzima mwaka 1912 alipomfanya msichana muuza maua aseme "Not bloody likely", yaani haiwezekani kabisa, jukwaani, kwenye tamthilia ya Pygmalion. Ndiyo siku lilipotoka kwa makuli likaingia kwa mabwana.

Fundi Saa #23

@Mpenda Jukwaa 1912 aliandika. Mara ya kwanza tamthilia hiyo ilichezwa Vienna, kwa Kijerumani, Oktoba 1913. London ni tarehe 11 Aprili 1914, na aliyelisema alikuwa Bi Patrick Campbell. Ukumbi ulicheka zaidi ya dakika nzima, mchezo ukasimama. Baada ya hapo wastaarabu wa London wakawa wanasema "not Pygmalion likely" ili wapate utamu bila dhambi.

Mpenda Jukwaa #24

Nimesahihishwa. Basi na mimi niongeze. Mwaka 1887 Gilbert na Sullivan walitoa mchezo wa nyimbo unaoitwa Ruddygore. Watu wakalalamika kwa sababu "ruddy", wekundu, ilikuwa njia ya kulikwepa "bloody". Wakabadilisha herufi moja tu, ikawa Ruddigore. Kamusi ya Oxford, mwaka uliofuata, ikaandika kwamba neno hili liko midomoni mwa watu wa tabaka la chini kabisa na kwamba magazeti hulichapa kwa herufi mbili za pembeni na mstari katikati.

Sasa piga hesabu. 1711 kasisi analiandika bila wasiwasi. 1888 haliandikiki. Katikati hapo lilipata uchafu wapi?

Dada wa Leicester #25

Hapo kuna maelezo ambayo wanaume hamtayasema, acha niseme mimi. Wapo wanaodai lilichafuka kwa sababu watu waliliunganisha na damu ya mwezi. Mtu mzima hakutaja damu ya hedhi sebuleni, kwa hiyo likawa la aibu. Sijui kama ndiyo asili yake, na ushahidi unaotolewa ni mwembamba. Lakini bibi yangu hakutamka neno damu mbele ya wakwe maisha yake yote, alisema "maji mekundu". Kwa hiyo mimi sioni ajabu.

Ticha Mstaafu #26

Siwezi kukupinga kwa hilo. Ila zingatia tabaka. Waliolikataa walikuwa watu wa sebuleni, na waliolisema walikuwa mabaharia, wachimba makaa, askari. Hao ndio waliopanda meli kuja huku. Aliyekuja kusimamia shamba la mkonge au kikosi cha Keya alikuja na Kiingereza cha kambini, siyo cha Shaw. Na Australia, ambako Uingereza ilipeleka wafungwa, limekuwa la kawaida hadi likaitwa kivumishi kikuu cha Waaustralia. Mwaka 2006 serikali yao ilitoa tangazo la utalii linalouliza wageni "where the bloody hell are you?", na televisheni za Uingereza zikalizuia kwanza. Watu wa neno lenyewe wakalikataa lilipowarudia.

Karani wa Mwanzo #27

Niingie kidogo. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka mingi iliyopita. Ililetwa kesi ya lugha ya matusi, kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, ugomvi wa mpaka wa shamba. Mlalamikaji anasema jirani yake kamwita bladifuli mara tatu mbele ya watoto wake. Hakimu akauliza, neno hilo maana yake nini? Kimya. Mlalamikaji hajui. Mshtakiwa naye hajui, anasema alilisikia kwa baba yake. Wale wazee wawili wa baraza wakaanza kubishana. Mmoja anasema ni kumwita mtu mtoto asiye na damu ya ukoo, yaani wa nje ya ndoa. Mwingine anasema ni mtu wa kumwagwa damu, kwa hiyo ni kitisho cha kuua. Nilikuwa naandika kwa mkono na sikujua niandike lipi. Mlalamikaji akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mheshimiwa, sijui ni nini, lakini nimeona alivyofungua mdomo."

Mjukuu wa Utingo #28

Yakaishaje?

Karani wa Mwanzo #29

Walipatana nje. Yule jirani alitoa jogoo.

Mtoto wa Ilala #30

Na hiyo "fool" yenyewe nayo ina asili au tuiache?

Ticha Mstaafu #31

Inayo, na hii haina ubishi mkubwa. Imetoka Kifaransa cha zamani "fol", nacho kikatoka Kilatini "follis": mvukuto, ule mfuko wa ngozi ambao mhunzi anaubana kupuliza moto. Mjinga ni mfuko uliojaa hewa. Sisi tunasema kajaa pumba, wao walisema kajaa upepo.

Mwana wa Athi #32

Na "fala" je? Fool, fuli, fala. Naona ni ndugu.

Binti Mkunazini #33

Irabu zinagoma kabisa Mwana wa Athi. Uu ndefu iwe aa? Nipe neno lingine la Kiingereza lililofanya hivyo.

Mwana wa Athi #34

Nitatafuta. Nitarudi.

Nyota ya Muscat #35

Tusisahau na sisi tulitoa. "Shenzi" walilichukua kwetu. Wazungu wa Kenya na askari wao walisema mbwa shenzi, barabara shenzi, wakaondoka nalo likaingia kwenye Kiingereza chao. Na kabla hawajalichukua, sisi watu wa pwani tulikuwa tunawaita washenzi watu wa bara. Mtu wa Katanga kasema kweli yake, na hii ni yetu. Babu zangu walilitumia kwa watu waliotembea miguu kutoka Kigoma.

Mtoto wa Manamba #36

@Nyota ya Muscat umesema lililo zito, na umelisema mwenyewe bila kulazimishwa. Baba aliitwa yote mawili. Alisema shenzi ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu alilielewa.

Mjukuu wa Utingo #37

Wakuu, nimerudi. Jana nilimpigia shangazi yangu mkubwa, yuko Korogwe, ana miaka 74. Nikamwambia kuna watu wanajadili bladifuli ya babu. Akacheka, halafu akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

Mnakumbuka niliwaambia babu alikuwa utingo. Sijawaambia kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda pale kwenye kifundo, kiganja kinaangalia pembeni. Tulipokuwa wadogo alituambia alizaliwa nao. Tulikuwa tunashindana nani atakaa upande ule akitushika mkono, kwa sababu ulikuwa kama ndoano, hauachii.

Shangazi anasema hakuzaliwa nao. Kulikuwa na Bedford ya kuwashwa kwa hendeli. Ukiizungusha vibaya injini inarudisha teke, ndiyo maana mafundi wanasema kidole gumba kikae upande mmoja na vingine. Asubuhi moja ya baridi, mvua imenyesha, hendeli ikamrudia. Mfupa ukavunjika pale pale, akaanguka kwenye matope ameukumbatia mkono. Bwana shamba alikuwa amekaa kwenye usukani. Alitoa kichwa dirishani akasema neno hilo mara moja, akashuka, akamruka babu, akashika hendeli mwenyewe, akawasha lori, akaondoka na mizigo. Bibi ndiye aliyempeleka babu kwa mtu wa kuunga mifupa. Uliunga hivyo hivyo ulivyopinda.

Shangazi anasema babu alianza kulisema mwaka huohuo. Kwanza alilisema kwa ule mkono. Ukishindwa kufunga kifungo cha shati anaupiga na wa kushoto, bladifuli. Baadaye ndipo ukafuata mbuzi, redio, na sisi.

Dada wa Leicester #38

Mungu ampumzishe.

Mtoto wa Manamba #39

Amina.

Ticha Mstaafu #40

Uliuliza mwanzoni alimtukana kiasi gani. Nilitaka kukujibu kwa kamusi. Nimefuta nilichokuwa nimeandika.

Fundi Saa #41

Pole mkuu. Samahani kuuliza sasa hivi, lakini ni wewe tu unayeweza kutuambia: mzee alitamka fuli au fulu?

Mjukuu wa Utingo #42

Hakuna samahani, nimemwuliza na hilo. Shangazi anasema alipokuwa kijana ni fuli, wazi kabisa. Mimi nilivyomsikia uzeeni ilikuwa fuu. Meno ya mbele yalikuwa yameshaondoka.

Mwana wa Athi #43

Lakini Kenya tunasema fuu na meno tunayo.